Kusahau kwa Makusudi: Historia ya Kolbeki katika C++

Nipe faili lolote la C++ ambalo limeishi miaka ishirini, nami nitakuambia kila kipande kiliandikwa lini bila kutazama tarehe. Natazama kolbeki tu.

Kolbeki ni fanksheni unayomkabidhi mwingine ili aiite baadaye, wewe ukiwa umeshaendelea na mambo yako. Kitufe kikibonyezwa, ita hii. Data ikiingia kwenye waya, ita ile. Programu za vifaa, za madirisha ya skrini na za mitandao zote huendeshwa hivyo. Mimi nipo Dar es Salaam, kazi yangu ni kutunza programu za mashine ndogo zilizoandikwa na watu ambao wengi wao walishaondoka, na kila kizazi kiliacha namna yake ya kufunga kolbeki. Ukiona void* kila mahali, huyo alilelewa na C. Ukiona makro za herufi kubwa, ni miaka ya tisini. Ukikuta bind na alama za _1 na _2, basi ni miaka ya 2000. Lambda, fanksheni zisizo na jina zinazoandikwa palepale zinapohitajika, ni za vijana.

Wote hao walisumbuliwa na swali moja: nani akumbuke aina? Fanksheni inayotarajia namba ikipewa jina la mtu, ajali itokee wapi? Mezani kwa mwandishi, kompaila ikigoma, au kwa mteja usiku wa manane?

C haikujisumbua sana na swali hilo. Dennis Ritchie aliitengeneza Bell Labs, huko Murray Hill, New Jersey, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na lugha yake iliruhusu anwani ya fanksheni ishikwe, ihifadhiwe na kukabidhiwa kama thamani nyingine yoyote. Mfano ambao kila mwanafunzi wa C ameupitia ni qsort, fanksheni ya kupanga orodha. Unaipa mahali orodha inapoanzia, idadi ya vitu, ukubwa wa kila kitu kwa baiti, na fanksheni yako ya kulinganisha vitu viwili. Yenyewe haijui unapanga nini, iwe namba, majina au rekodi za mishahara. Kwa hiyo fanksheni yako hupokea pointa mbili za aina ya void*, yaani anwani tupu zisizosema mwishoni mwake kuna nini. Kukumbuka ni juu yako.

Tuseme una orodha ya majina: Zawadi, Asha, Juma. Katika C kila jina hapo ni pointa inayoelekea kwenye herufi zake. Ipo fanksheni ya siku zote ya kulinganisha maneno mawili, strcmp, na mtu mwenye haraka anaona njia ya mkato: anailazimisha strcmp ivae aina inayotakiwa na qsort, anaikabidhi, anaenda kunywa chai. Kompaila inanyamaza kwa sababu imeambiwa inyamaze. Kumbe qsort haitoi jina. Inatoa anwani ya mahali pointa ya jina ilipokaa ndani ya orodha. strcmp inasoma baiti za anwani kana kwamba ni herufi, na majina yanatoka yamepangwa kufuatana na mahali yalipoangukia kwenye kumbukumbu ya mashine. Kuna siku yanatoka sawasawa kwa bahati tu, na siku hiyo ndiyo ya kuogopa, maana programu itapita majaribio yote.

Windows ilipotoka mwaka 1985 ilijengwa juu ya mtindo huohuo. Kila dirisha lilikuwa na fanksheni yake, na mfumo uliiita kila ujumbe ulipofika, ukiipa namba mbili ambazo maana yake ilitegemea ujumbe wenyewe. Kwa miaka kadhaa anwani za fanksheni hizo zilipitishwa chini ya aina moja ya jumla, FARPROC, isiyosema lolote kuhusu vigezo. Mwaka 1992, pamoja na Windows 3.1, waandishi wa programu walipewa swichi ya STRICT. Ukiiwasha, fanksheni ya dirisha inapata aina yake kamili, na vishikio vya madirisha na vya brashi, ambavyo hadi hapo kompaila iliviona kama namba zilezile, vinakuwa vitu tofauti. Ilikuwa hiari. Wengi waliiacha imezimwa, kwa kuwa kuiwasha kulimaanisha asubuhi nzima ya kusoma malalamiko ya kompaila.

C++ ndiyo iliyotarajiwa kuponya haya, nayo ilikuja na ugonjwa wake. Bjarne Stroustrup, Mdenmaki aliyekuwa katika Bell Labs ileile, alianza kuiongezea C klasi mwaka 1979; jina la C++ likaja 1983, na toleo la kuuzwa likatoka Oktoba 1985. Katika lugha hii kazi nyingi hufanywa na fanksheni zilizomo ndani ya klasi, na fanksheni ya namna hiyo haiendi popote bila objekti ya kuifanyia kazi. Waliokuwapo enzi za simu za mezani watanielewa upesi. Namba ilikufikisha nyumbani kwa jirani mwenye simu, lakini ukishapokelewa ilibidi useme unamtaka nani, wamwite. Anwani ya fanksheni ya C ni namba ya mtu anayeishi peke yake. Anwani ya fanksheni ya klasi ni namba ya nyumba yenye watu wengi, na C++ ilikupa namba tu, bila jina la wa kuitwa.

Tena ilikuwa na masharti. Aina ya pointa hiyo ilibeba jina la klasi ndani yake, kwa hiyo kitufe kilichotaka kuita fanksheni ya klasi yako kilipaswa kuijua klasi yako. Maktaba ya vitufe inayoijua klasi ya kila mteja haiwezekani kuandikwa. Njia ya haraka ilikuwa urithi: kila anayetaka kuitwa arithi kutoka klasi moja ya msingi na kuandika upya fanksheni moja iliyokubaliwa. Inafanya kazi, ila kitufe cha pili kwenye dirisha lilelile kinakulazimisha kuandika klasi nyingine nzima kwa ajili ya mistari miwili.

Wanorwe wawili walikwenda njia nyingine kabisa. Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng walikuwa Trondheim mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakiandika programu ya C++ ya kuhifadhi picha za ultrasaundi, na ilitakiwa iendeshwe kwenye mifumo tofauti ya kompyuta. Kutokana na hapo ikazaliwa Qt, na kampuni ya Trolltech mwaka 1994. Wazo la Chambe-Eng lilikuwa kwamba objekti itoe ishara bila kujua nani anasikiliza, na objekti nyingine iwe na sehemu za kupokelea. Templeti za C++, yaani vielelezo vya msimbo ambavyo kompaila huvijaza aina husika, zilikuwapo tayari, zimeelezwa katika kitabu cha rejea cha Ellis na Stroustrup cha 1990, lakini kompaila za wakati ule zilitofautiana mno katika kuzielewa, na mtu aliyetaka kuuza maktaba kwenye mifumo mingi hakuweza kuzitegemea. Basi wakaandika programu yao ya pembeni, moc, inayosoma faili zako kabla ya kompaila na kuongeza msimbo wa kuunganisha.

Ukifungua faili za Qt utakuta makro mbili maarufu, SIGNAL na SLOT. Kinachofanywa na makro hizo ni kuchukua ulichoandika kwenye mabano, kukigeuza kuwa maneno matupu, na kutanguliza tarakimu mbele yake: 2 kwa ishara, 1 kwa mpokeaji. Basi. Jina la fanksheni na aina za vigezo vyake vinakuwa herufi tu, na kulinganisha herufi hizo hufanyika programu inapokuwa imeshaanza kukimbia. Ukikosea herufi moja kompaila haina habari. Programu inawaka, inaandika mstari mmoja wa “No such slot”, na inaendelea na safari. Kitufe kinabonyezeka vizuri kabisa, hakuna kinachotokea.

Hata hivyo siwezi kuwadharau. Aina zilikaguliwa, japo kwa kuchelewa, na kosa lilisema jina lake. Linganisha na MFC, maktaba ya Microsoft ya miaka hiyohiyo, iliyofunga ujumbe na fanksheni kwa jedwali la makro. Hadi Visual C++ 6 ya mwaka 1998, makro ya ON_MESSAGE ililazimisha fanksheni yako ivae aina inayotakiwa, iwe inaifaa au haiifai. Ukiandika fanksheni isiyo na vigezo mahali panapotakiwa viwili, toleo la majaribio lilifanya kazi bila shida, kwa sababu msimbo wa ziada wa toleo hilo uliirudisha pointa ya staki mahali pake. Toleo la mteja, lililopunguzwa uzito, lilianguka. Toleo lililofuata, la 2002, lilibadilisha ulazimishaji ule kuwa static_cast, ambayo kompaila huikagua, na makosa yaliyolala ndani ya programu kwa miaka yakaamka yote siku moja, safari hii mezani kwa kompaila.

Katikati ya hayo, Februari 1995, jarida la C++ Report lilichapisha makala ya Rich Hickey, Mmarekani ambaye wengi leo wanamfahamu kwa lugha ya Clojure aliyoitoa 2007. Makala ilihusu kolbeki zinazotumia templeti, na mimi naihesabu kuwa ndiyo mwanzo wa mambo tunayofanya hadi sasa. Mfano wake ulikuwa Button na CDPlayer. Button imetoka kwenye maktaba, na aliyeiandika hajasikia habari za CDPlayer. CDPlayer inajua kucheza na kusimama. Kitufe kibonyezwe, CD icheze, bila Button kuijua CDPlayer, bila CDPlayer kurithi chochote, na aina zisipotee njiani.

Hickey aliunda kifurushi kidogo kinachobebwa kama thamani ya kawaida. Ndani yake mna anwani tupu ya objekti, baiti za pointa ya fanksheni ya klasi, na anwani ya fanksheni nyingine ambayo hapa nitaiita mkalimani. Mkalimani huzaliwa na templeti, palepale unapoandika makeFunctor, mahali ambapo kompaila bado inaona kwamba objekti ni CDPlayer na fanksheni ni play. Anazaliwa na maarifa hayo. Baada ya hapo kila mtu anasahau: kifurushi hakina neno lolote la CD juu yake, na Button inakipokea kama inavyopokea kifurushi kingine chochote. Kitufe kikibonyezwa, Button inamwita mkalimani. Mkalimani anairudishia ile anwani tupu aina yake na kuita play. Ugeuzaji wa void* umo humo humo, haujaondoka. Tofauti ni kwamba haukuandikwa na mtu aliyechoka saa kumi na moja jioni. Umeandikwa na kompaila, wakati ikiziona pande zote mbili.

Hapo ndipo nilipo tofauti na wenzangu wanaosimulia historia hii kama vita ya kuifukuza void*. Haikufukuzwa. Kitufe lazima kisahau kinamwita nani, vinginevyo hakuna maktaba ya vitufe. Kilichogunduliwa ni mahali salama pa kusahaulia, pamoja na shahidi mmoja aliyebaki na kumbukumbu.

Ubovu wa njia ya Hickey ulikuwa wa zama zake. Kulikuwa na aina tofauti kwa kila idadi ya vigezo, CBFunctor0, CBFunctor1 na kuendelea, na kigezo cha kwanza cha makeFunctor kilikuwa sifuri iliyovalishwa aina ya kifurushi, isiyo na kazi nyingine ila kuieleza templeti inatakiwa kutengeneza nini. Nimekutana na sifuri hizo kwenye msimbo wa watu ambao sidhani kama waliisoma makala. Kijana mmoja ofisini aliziona akaniuliza, “Mzee, hawa si wangetumia lambda tu?” Nikamwambia lambda ilikuwa haijazaliwa, na yeye pia.

Kamati ya viwango ya C++ ilikuwa na shughuli nyingine. Julai 1994 ilikubali kuiingiza maktaba ya STL ya Alexander Stepanov na Meng Lee, na kiwango cha kwanza cha 1998 kikatoka na bind1st, bind2nd, mem_fun na ptr_fun. Hizi ziliweza kukaza kigezo kimoja cha fanksheni ya vigezo viwili, basi. Kila kifungo kilikuwa na aina yake ya kipekee, ndefu, na hapakuwa na kifurushi cha jumla cha kukihifadhia hadi baadaye. Zilifaa kwa kupanga na kutafuta ndani ya orodha. Kwa kolbeki hazikutosha.

Pengo hilo lilizibwa na watu wa Boost, mradi wa maktaba ulioanzishwa na baadhi ya wanakamati wenyewe. Mwaka 2001 Peter Dimov alileta Boost.Bind na Douglas Gregor akaleta Boost.Function, na mwaka huohuo Andrei Alexandrescu akachapisha kitabu cha Modern C++ Design chenye sura nzima juu ya kifurushi cha aina hiyo. Kwa Gregor uliweza kuandika function<int(int, int)> na msomaji akaelewa papo hapo: inapokea namba mbili, inatoa moja. Kompaila kadhaa zilizokuwa zikitumika, Visual C++ 6 ikiwamo, hazikuumeza mwandiko huo, kwa hiyo palikuwa na mwandiko wa akiba, function2, wa kuhesabu vigezo kama enzi za Hickey. Ndani yake kuna mkalimani yuleyule. Bind ya Dimov ilikubali hadi vigezo tisa, kila idadi ikiwa imeandikwa peke yake, kwa sababu templeti zilikuwa bado hazijui kupokea vigezo visivyo na idadi maalumu.

Kuna waliosema kifurushi cha Gregor ni kizito. Kikibeba kitu kikubwa huomba kumbukumbu mpya kutoka kwa mfumo, na kwenye michezo ya kompyuta au vifaa vidogo gharama hiyo inaonekana. Mwaka 2004 Don Clugston wa Australia alichapisha makala ambayo kwangu ndiyo yenye raha kuliko zote katika historia hii. Alizifumua pointa za fanksheni za klasi, kompaila moja baada ya nyingine, kuona zina nini tumboni. Kwenye kompaila ya Microsoft ya biti 32, pointa hiyo ilikuwa baiti 4 kwa klasi yenye urithi wa kawaida, na iliweza kufika 16 kwa klasi ambayo kompaila ilikuwa haijaijua vizuri. GCC ilitumia 8 daima: nusu anwani, nusu kiasi cha kuisogeza objekti. Kitu kimoja kwa mujibu wa kiwango, maumbo chungu nzima kwa mujibu wa mashine.

Baada ya kuyajua maumbo yote, Clugston aliandika templeti inayoyageuza yote kuwa umbo moja, na kuita kolbeki kukawa maagizo mawili tu ya prosesa. Ugeuzaji wenyewe hauruhusiwi na kiwango cha lugha, naye hakuficha: fanksheni yake ya kugeuza aliipa jina la horrible_cast. Napenda mtu anayeita uchafu kwa jina lake. Mwaka uliofuata Sergey Ryazanov alionyesha njia ya kupata karibu kasi ileile kwa kufuata kiwango: mpe mkalimani pointa ya fanksheni kama kigezo cha templeti, isihifadhiwe kabisa, na kifurushi kibaki na anwani mbili, ya objekti na ya mkalimani. Kwenye vifaa vyetu vidogo, visivyo na nafasi ya kuomba kumbukumbu ovyo, ndiyo njia ninayoitumia hadi leo.

Mwaka 2011 kamati iliyaingiza yote kwa mpigo: std::function, std::bind, lambda, na templeti za vigezo visivyo na idadi, ambazo Gregor mwenyewe alishiriki kuzipendekeza. Zile nakala za kigezo kimoja, viwili, vitatu zikafutika. Za mwaka 1998, bind1st na ndugu zake, ziliondolewa rasmi katika C++17. Ila chini kabisa mambo ni yaleyale: kwenye Linux, std::thread ya GCC ikitaka kuanzisha uzi mpya wa kazi hupitia pthread_create ya C, inayopokea fanksheni moja na void* moja, na upande wa pili yupo mkalimani anayeirudishia aina yake.

std::bind sikuililia ilipozeeka. Scott Meyers, katika kitabu chake cha 2014, alishauri lambda itumike badala yake, na ninakubaliana naye kwa sababu moja kubwa: kifungo cha bind kikiitwa na vigezo vya ziada huvitupa kimyakimya. Ukaguzi wa aina uliopiganiwa miaka yote hiyo ukaachiwa dirisha wazi. Qt nayo ilibadilika. Toleo la 5.0 la Desemba 2012 liliruhusu kuunganisha ishara kwa pointa za fanksheni, kosa likaonekana kwa kompaila. Makro za SIGNAL na SLOT bado zinafanya kazi, na bado watu wanaziandika.

std::function yenyewe iligundulika kuwa na ufa: hata ukikishika kifurushi kwa ahadi ya kutokibadilisha, kinaweza kuita kitu cha ndani kinachojibadilisha. Kuuziba ndani ya aina ileile kungevunja programu zilizopo, kwa hiyo zikaongezwa aina mpya: move_only_function katika C++23, kisha copyable_function na function_ref kwa ajili ya C++26. Hii ya mwisho haimiliki chochote, inaangalia tu, na kwa kolbeki inayotumika papo hapo na kuisha ndiyo inayofaa.

Suala ambalo templeti hizi zote zimeliacha nje ni uhai. Kompaila inaweza kuthibitisha kwamba utakayemwita ni CDPlayer. Haithibitishi kwamba siku ya kuitwa bado yupo. Lambda imeongeza hatari kwa urahisi wake: alama moja ya & kwenye mabano ya mwanzo, na umeshika vitu vya ndani ya fanksheni ambayo itakwisha sekunde hiyohiyo, huku kolbeki ikisubiri dakika kumi. Qt hukata muunganisho objekti inapokufa. Mradi wa kivinjari cha Chromium umetenganisha kolbeki ya kuitwa mara moja na ya kuitwa mara nyingi, una pointa dhaifu ambayo mlengwa akifa mwito unaishia hewani bila madhara, na katika msimbo wake wa kawaida hauruhusu lambda iliyoshika vitu kufungwa kuwa kolbeki. Wengine wanaona ni ukali usio na sababu. Ofisini kwetu hatujafika huko, ila lambda yoyote itakayohifadhiwa kwa ajili ya baadaye lazima itaje kwa majina kila inachokishika, na anayeshika kwa rejea aandike pembeni ya mstari nani atakayeishi zaidi ya nani. Nikikagua kazi ya vijana, maandishi hayo ndiyo ninayoyasoma kwanza.